Nguvu ya mchukuzi iko miguuni

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kwa mchukuzi wa mizigo, pabovu ni kiuno.

Hivi karibuni nilikuwa pale Kobero, upande wetu wa mpaka na Tanzania. Kijana mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Nduta aliinama kuokota gunia la mahindi. Miguu ameibana, magoti ameyanyoosha, mgongo umepinda kama upinde. Akalivuta, akajizungusha kiuno ili alitupe begani. Watu wakamshangilia: "Huyo mwanamume!" Gunia la tatu hakulimaliza. Alikaa chini ameshika kiuno, na wiki mbili hakuonekana kazini. Je, nani alimlipa siku hizo? Hakuna.

Ni jambo la kusikitisha kwamba tunawasifu vijana kwa nguvu, lakini hatuwafundishi kusimama. Wanamichezo wanaonyanyua vyuma kutoka chini hujifunza kwanza miguu iwekwe wapi. Na sisi tunaokula kwa mgongo tujifunze kwao.

Kuna namna mbili kubwa za kusimama. Ya kwanza, miguu iko sawa na upana wa nyonga, mikono inapita nje ya magoti. Hiyo inafaa kwa mzigo mwembamba, kama kreti ya soda. Ya pili, miguu inatanuliwa kupita mabega, vidole vinaelekea nje kidogo, mikono inashuka katikati ya magoti. Hapo mzigo mnene huingia kati ya miguu, ukawa karibu na mwili, na kiwiliwili hakiinami sana. Kwa gunia, mimi naona hii ya pili ndiyo inayowafaa wengi.

Lakini si wote. Nyonga za watu hazifanani, wala urefu wa miguu. Anayejilazimisha kutanua miguu kuliko nyonga zake zinavyoruhusu, magoti yake yatabonyea ndani. Basi jipime kwa dumu la maji la lita 20. Liweke kati ya miguu, ushuke kulishika. Visigino vikinyanyuka au mgongo ukipinda, badilisha upana wa miguu. Ukipata mahali ambapo visigino vinakaa chini na mgongo umenyooka, huo ndio msimamo wako.

Ukishasimama vizuri, vuta pumzi, kaza tumbo, sukuma ardhi kwa miguu. Mabega na makalio yapande pamoja; makalio yakitangulia, kiuno ndicho kinachobeba. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usizungushe kiuno. Na gunia la kuweka begani usijitwike peke yako. Mwite mwenzako akutwike.

Kwa upande mwingine, hata msimamo mzuri una mwisho wake. Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika Pendekezo namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa mwanamume mmoja mzima. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili yake. Na lumbesa je, lile gunia linaloshonewa kilemba juu?

Najua wafanyabiashara wenzangu watasema magunia madogo ni gharama: mchukuzi hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini dawa yake ni kukubaliana bei kwa kilo, si kumvunja mtu kiuno ili tuokoe faranga chache. Tena gunia la kilo 50 watu wawili hulishusha haraka bila kulipasua.

Wakati umefika vyama vya wachukuzi viwafundishe wapya kabla ya kuwapa kazi, hasa ndugu zetu wanaorudi bila shamba wala mtaji. Wengi wao wamerudi na mali moja tu, nayo ni mwili. Tusiwaache waipoteze kwa sababu hakuna aliyewaonyesha pa kuweka miguu.