Bwana Shamba Anasema: Kagua Lori Kabla ya Kupakia Kahawa



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuanika kahawa. Tulisema kahawa ianikwe juu ya kichanja au turubai, isianikwe chini kwenye udongo. Tulisema ikauke mpaka ukitikisa unasikia punje zinalia ndani ya ganda. Sasa kahawa yako imekauka. Imo ndani ya magunia, nayo inangoja lori.

Lori likifika kijijini tunafurahi. Tunapakia upesi upesi, hatuulizi kitu. Tunasema gari ni la dereva, na matairi ni ya dereva. Ni kweli. Lakini kahawa ni yako. Lori likilala njiani siku mbili na mvua ikanyesha, kahawa itakayoota ukungu si ya dereva.

Lami ya kutoka Kyaka imefika Bugene. Hilo ni jambo jema sana. Lakini kahawa nyingi haioti kando ya lami. Inatoka vitongojini, huko Bweranyange, Nyaishozi, Mabira na Businde. Huko njia nyingi ni za udongo, zinapanda na kushuka milima. Wakati wa vuli na masika udongo huo huteleza kama sabuni. Gari linalokwenda vizuri juu ya lami linaweza kushindwa huku kwetu.

Basi, kabla hujapandisha gunia la kwanza, lizunguke lori. Huna haja ya kuwa fundi. Chukua kipande cha gogo ugonge kila tairi. Tairi lenye upepo wa kutosha hurudisha gogo mkononi. Tairi lisilo na upepo halirudishi, na sauti yake ni nzito. Gonga hasa matairi ya nyuma. Haya hukaa mapacha, moja nje na moja ndani. La ndani likiisha upepo mtu haoni, kwa sababu la nje limebeba mzigo wote. Tairi hilo la nje hupata moto, kisha hupasuka. Tazama pia kati ya mapacha hao. Jiwe likinasa hapo linakata matairi yote mawili.

Sasa mwambie dereva akuonyeshe tairi la akiba. Usikubali kuambiwa tu kuwa lipo. Ligonge nalo. Matairi mengi ya akiba hayana upepo, yamefungwa pale kwa ajili ya askari wa barabarani. Kisha aonyeshe jeki, na spana inayoingia sawasawa kwenye nati za lori lile. Aonyeshe ubao mnene wa kuweka chini ya jeki. Aonyeshe vigingi viwili vya kuzuia magurudumu, sururu, beleshi, mnyororo, tochi na turubai la kufunika mzigo. Yasipokuwapo, usipakie. Katibu wa chama cha msingi ana haki ya kusema hivyo, na mkulima pia ana haki. Dereva atanuna kidogo. Mwache anune.

Nitawaeleza kwa nini nakazania ubao na vigingi.

Mwezi wa Novemba mwaka 2014 nilikuwa ndani ya lori lililobeba miche ya kahawa. Tulikuwa tunaipeleka kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Kyerwa. Mvua ilikuwa inanyesha na jua linakaribia kuzama. Tulikuwa tunapanda mlima, tairi moja la nyuma likapasuka. Dereva alitaka tufike kabla ya giza. Utingo wake, kijana wa miaka ishirini hivi, alishuka mara moja. Aliweka jiwe moja nyuma ya gurudumu. Aliweka jeki juu ya udongo uliolowa. Ubao haukuwapo. Mimi nilibaki nimeketi mbele kwa sababu ya mvua.

Kijana alipovuta tairi, jeki ilizama upande mmoja, ikalala. Gari lilirudi nyuma kiasi cha shubiri moja tu. Shubiri hiyo ilitosha. Mkono wake ulibanwa. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki usiku ule, naye alipoteza vidole viwili. Miche ilifika kesho yake, mingi ikiwa mizima. Mimi nilipita kila siku nikiwafundisha watu kunyunyizia dawa kwa kujikinga. Lakini siku ile sikushuka kutazama jeki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, lori likipata pancha nawe umo, shuka. Watu wote washuke, hata wazee. Wakae juu ya kingo ya barabara. Wasikae nyuma ya gari wala upande wa chini wa mteremko. Dereva akiweza kulisogeza gari polepole mpaka mahali palipo tambarare, alisogeze, hata kama tairi lile litaharibika zaidi. Tairi hununuliwa dukani.

Gari likisimama, livutwe breki ya mkono, liingizwe gia, na injini izimwe. Likiwa limeelekea kupanda, vigingi viwekwe nyuma ya magurudumu. Likiwa limeelekea kushuka, vigingi viwekwe mbele yake. Viwekwe kwenye magurudumu yale ambayo hayatanyanyuliwa. Kisha pembetatu za kuwaonya wengine ziwekwe mbali, mbele na nyuma, hasa mahali penye kona.

Kazi ya kwanza ni kulegeza nati, gurudumu likiwa bado limekanyaga chini. Hapa vijana wengi hukosea. Wananyanyua gari kwanza, kisha wanahangaika na nati ngumu huku gari likitikisika juu ya jeki. Zilegeze kidogo tu, usizitoe. Na jambo hili ulikumbuke: malori mengi ya Kijapani, hasa ya zamani, nati za upande wa kushoto hufunguka kinyume. Upande wa kushoto ni ule anaokaa utingo. Mwisho wa bolti utaona herufi L. Ukiiona, zungusha spana kama mshale wa saa uendavyo, ndipo nati italegea. Nimeona vijana wanne wakining'inia kwenye bomba la chuma kwa saa nzima, kumbe wanakaza. Mwishowe bolti ilikatika.

Sasa chimba kidogo mahali pa jeki, upate udongo mkavu na mgumu. Weka ubao, kisha jeki juu yake, chini ya ekseli. Jeki isimame wima. Nyanyua gurudumu mpaka liache ardhi, si zaidi. Hapo chukua lile tairi la akiba ulilaze chini ya fremu ya gari, karibu na jeki. Jeki ikianguka, gari litaangukia tairi, si mtu. Ukitoa tairi bovu, liingize chini mahali pa lile la akiba. Na wakati wote mtu asiingize kichwa wala miguu chini ya gari.

Ukirudisha nati, usikaze moja mpaka mwisho ndipo uende kwa jirani yake. Kaza moja, kisha ile inayotazamana nayo, na kadhalika. Shusha gari, ndipo uzikaze kwa nguvu zote. Mkiisha kwenda kilomita 50 hivi, simameni mzikaze tena. Nati mpya hulegea mwanzoni, hasa kwenye njia yenye makorongo.

Tairi bovu mlipeleke kwa fundi. Kuna matairi ya malori ambayo hushikwa kwenye rimu na pete ya chuma. Msiyajaze upepo njiani wala uani kwa mtu. Pete ikiwa haikukaa vizuri huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Fundi mwenye akili huliingiza tairi hilo ndani ya kizimba cha vyuma kabla ya kujaza. Watoto wanaopenda kutazama wafukuzwe.

Juu ya matope nitasema machache. Minyororo ya kufunga kwenye matairi ifungwe kabla ya kuingia matopeni. Likishazama, mtafunga mkiwa mmepiga magoti ndani ya maji. Dereva asikanyage mafuta kwa hasira, maana gurudumu linajichimbia kaburi lake. Chimbeni mbele ya magurudumu yote, mpange mawe madogo na matawi makavu. Kwenye mteremko ashuke na gia ile ile ambayo angepandia. Dereva anayeweka gia huru ili kuokoa mafuta, mwombeni asimame mshuke.

Lipo jambo moja linalonihusu mimi kama bwana shamba. Gari likikwama, watu hukimbilia shamba la karibu na panga, wanakata migomba na majani waweke chini ya matairi. Mgomba ukikanyagwa hutoa maji, gari linateleza zaidi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mnyauko wa migomba, uliogunduliwa mkoani kwetu mwaka 2006, husafiri kwa panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa Nkwenda, likikata mgomba mzima Mabira, limepanda ugonjwa. Na mwenye shamba hatajua umetoka wapi. Dalili atakazoona ni majani kunyauka na ndizi kuiva kabla ya wakati, na ndani zimeoza. Panga la lori libaki ndani ya lori. Tumieni matawi makavu na nyasi za kando ya njia. Na mkipakia ndizi, msizitandikie majani ya migomba mliyoyakata njiani.

Tena, msipande juu ya mzigo. Najua usafiri ni wa shida, nami nimepanda mara nyingi nikiwa kijana. Lakini lori lililojaa magunia kichwa chake ni kizito. Likiinama korongoni, aliye juu ndiye wa kwanza kutupwa, na magunia humfuata. Magunia mazito yakae chini na katikati, mzigo usizidi kipimo cha gari, turubai lifungwe kila pembe.

Sasa lori limetengenezwa, watu wamepanda, kila mtu anataka kwenda. Yale mawe mliyoweka chini ya magurudumu yako wapi? Yako pale pale, katikati ya njia. Na yale matawi mliyoweka kwenye kona yako pale pale. Siku ile ya mwaka 2014 tuliliacha jiwe letu. Nilipita hapo kesho yake asubuhi kwa pikipiki, nikalikuta limekaa kwenye mkondo wa gurudumu, mahali ambapo mtu mwenye taa hafifu asingeliona usiku. Nilisimama, nikalisukuma mpaka mtaroni. Lilikuwa zito, nikaloa matope mpaka magotini.