Mashauri Yanayoua Samaki

Mwezi huu sitasema juu ya kosa la mtu mwingine. Nitasema juu ya kosa langu.

Papa mmoja wa kanisa letu alimaliza kazi katika mgodi. Pesa yake ya mwisho hakuinywa. Alichimba kiziwa cha samaki kando ya kijito, mita 20 kwa mita 10, kusudi apate minerval ya binti yake wa sekondari. Siku moja, nyuma ya ibada, akaniuliza: «Pasta, niweke watoto wa tilapia ngapi?»

Mimi sikupata kufuga hata samaki mmoja. Lakini mchungaji akiulizwa, haya inamshika kusema «sijui». Nikachukua mafundisho yangu juu ya kupanda na kuvuna, nikayafanya hesabu ya samaki. Nikajibu: «Weka wengi, papa!» Akaweka 2,000. Jirani yake naye akasema: «Ukilisha sana, watanona mbio.» Basi mama akamwaga pumba ya mahindi asubuhi, saa sita na jioni.

Juma chache zikapita. Asubuhi moja, saa kumi na moja, mama akapiga hodi kwangu: «Pasta, kuya uone! Samaki yote iko juu ya mayi, inafungua kinywa!» Tulipofika, wengi walikuwa wamegeuza tumbo. Tulijaza beseni tatu.

Tulikwenda kuuliza mzee mmoja anayejua kazi hii. Jamaa, ufugaji wa tilapia si jambo geni kwetu Katanga. Tangu wakati wa Wabelgiji watu waliujaribu kule Kipopo, karibu na Lubumbashi, na katika mwaka 1949 wenye elimu ya samaki walifanya mkutano wao mjini humo. Maarifa yalikuwa karibu nasi, sisi hatukuyatafuta. Mzee akasikiliza, kisha akauliza: «Nani alikuambia uweke 2,000?»

Papa akanyamaza, akatazama chini. Hakutaka kunipatisha haya. Ilifaa niseme mwenyewe: «Ni mimi.»

Mzee hakucheka. Alitufundisha, nami ninawapa ninyi sawa vile nilivyopokea.

«Weka wengi.» Hapana. Katika kiziwa kidogo kisicho na mashini ya kuingiza hewa, samaki wawili kwa mita moja ya mraba wanatosha. Kwa papa yetu ilikuwa 400 tu. Tena tilapia huzaa mapema sana, hata akiwa mdogo. Wakijaa, wanagombania chakula na kubaki sawa kidole.

«Lisha sana.» Hapana. Chakula kinachobaki huoza, na kile kinachooza kinakula hewa ya maji. Mchana, majani madogo ya kijani yaliyo ndani ya maji yanatoa hewa. Usiku yanaacha kuitoa, nayo yanaivuta pamoja na samaki. Kwa hiyo karibu na kupambazuka hewa inapunguka sana, ndiyo sababu mama aliwaona juu ya maji saa ile. Lisha mara mbili kwa siku, jua likiwa limetoka, kile wanachoweza kumaliza kwa muda wa robo saa. Ukiwaona wanafungua kinywa juu ya maji, acha chakula na mbolea, ingiza maji mapya yaanguke toka juu.

«Leo chimba, leo weka samaki.» Hapana. Jaza maji, weka mbolea ya kuku ao ya mbuzi pamoja na majani ndani ya kizimba cha miti pembeni, ungoje juma moja ao mbili mpaka maji yawe kijani. Ingiza mkono: kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kisigino cha mkono, chakula kipo. Kikipotea mapema zaidi, mbolea imezidi.

«Mayi ni mayi.» Hili ndilo baya kupita yote kwetu watu wa migodi. Usilete maji ya mto uliopita fasi wanaposafisha mawe ya shaba na kobalti. Shaba kidogo tu iliyoyeyuka inaharibu mashavu ya samaki, pale anapovutia hewa. Na akiishi, pengine madini yanaingia ndani ya mwili wake, kisha ndani ya sahani ya watoto wako.

Msifikiri ni ujinga wa watu maskini tu. Kule Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa bahari na matumbawe ndani ya masanduku ya kioo, kwa furaha ya macho tu. Nao wanaoanza wanadanganywa vilevile: nunua sanduku leo, weka samaki leo, weka wengi. Lakini sanduku jipya linataka majuma ya kungoja, mpaka vijidudu visivyoonekana viongezeke na kuweza kugeuza sumu inayotoka katika uchafu wa samaki. Na mtu akimwaga dawa ya shaba mle kwa kuponya samaki, kamba na matumbawe wanakufa. Mara nyingine mshauri ndiye muuzaji. Samaki wakifa, yeye anauza wengine.

Mimi sikuuza kitu. Nilitaka tu kuonekana mwenye kujua.

Papa alianza tena. Alikausha kiziwa, akangoja maji ya kijani, akaweka 400. Mwezi wa sita alivuna, akauza, akabakiza wa kula. Lakini minerval ilikuwa imechelewa, na binti yule alipoteza mwaka mzima wa masomo. Ule mwaka siwezi kumrudishia. Papa alituma kwangu samaki wawili wakubwa. Tuliwakula na bukari, na kila tonge lilinikumbusha yule mtoto.

Basi vijana, na ninyi wazazi, mtu akikupa shauri juu ya samaki, juu ya kuku, hata juu ya shimo la madini, umuulize mambo matatu: Umefanya kazi hii mwenyewe? Uliifanya wapi? Tunaweza kwenda kuona? Uliza hata kama ni mkubwa wako. Uliza hata kama ni pasta wako. Si kumdharau.

Na wewe unayeulizwa, jifunze neno hili fupi ambalo mimi nilijifunza kwa beseni tatu za samaki: «Sijui. Twende tuulize anayejua.»

Mbaki na amani. Ni mimi, pasta wenu.