Mshairi Ndiye Kirangozi

Nilihudhuria mahafali ya shule moja hapa Gongoni, Tabora. Watoto wanne walipanda jukwaani kughani ngonjera ya mazingira. Ulipofika ubeti wa tatu wazazi wengi walikuwa wameinamia simu zao, nami sikuwalaumu. Nilishika mstari mmoja: "Tusikate miti yetu, tutunze mazingira." Uhesabuni. Kipande cha kwanza mizani nane, cha pili saba. Binti aliyeughani alijikwaa hapo hapo penye pengo, akameza mate, akaendelea. Agizo lilikuwa la haki, lakini halikumgusa mtu.

Uani palikuwa na mwembe mkubwa. Ingetosha augeukie, auambie: "Mwembe ulionilea, shoka nalishika vipi?" Nane kwa nane. Hapo hajaamrishwa mtu, ila mwenye shoka angekwenda nalo swali nyumbani.

Tunakosea tukidhani uzuri wa shairi ni rangi inayopakwa mafunzo yakishakamilika. Sisi wa Tabora tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe mabegani kutoka hapa hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Mbele alikwenda kirangozi, naye ndiye aliyetoa wimbo, wenzake wakaitikia. Wimbo haukupunguza hata ratili moja ya mzigo, lakini miguu ilikwenda. Adili nalo ni zito hivyo hivyo.

Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kwenye ncha ya pili ya njia hiyo hiyo ya misafara ipitayo hapa Tabora, alikuwa sheikh na mhubiri. Angeweza kuhubiri tu. Lakini aliketi akahesabu mizani, akapanga vina, na mwaka 1954 akatutolea Sheria za Kutunga Mashairi. Wala siwashurutishi vijana kwa vina: Euphrase Kezilahabi aliviacha katika diwani yake ya Kichomi, 1974, asiziache taswira.

Linaloniuma zaidi ni ngonjera. Mshairi Mathias Mnyampala alituachia ngonjera za mabishano: wawili hawapatani, wanajibizana, mpaka mmoja amvute mwenziwe. Wale wanne jukwaani walikuwa wamekubaliana tangu ubeti wa kwanza! Nani basi alikuwa anafunzwa?

Walimu wangu, nawasihi. Mwakani msimamisheni mtoto anayetaka kuukata mwembe. Mama yake anauza mkaa, na ada haijalipwa. Mpeni beti nzuri kuliko zote, azighani kwa sauti yake yote, kisha mwachieni mwenziwe atafute jibu.