Mlima Haudanganywi



Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Bila shaka wapo kati yenu walioyafuata kwa redio au kwa simu, wakaona jinsi vilima vya jirani zetu vilivyowatawanya mabingwa: katika mbio kuu ya wanaume, waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Siku zile kila mtu alizungumza juu ya mshindi. Leo naomba tuwaangalie watu wa namna nyingine, wasiojulikana na yeyote, ambao hupanda milima inayokaribia ile kwa ukali, ingawa si mabingwa wala hawalipwi.

Katika milima ya Alpi, nchini Ufaransa, kuna safari ya baiskeli ya siku moja iitwayo La Marmotte, iliyoanza mwaka 1982. Wanaoijia ni maelfu, nao ni watu wa kazi za kawaida: walimu, wauguzi, maseremala, makarani, hata wazee wenye wajukuu. Njia yake ya jadi huanzia mji mdogo wa Le Bourg-d'Oisans. Hupita Col du Glandon kwenye mita 1,924, kisha Col du Télégraphe kwenye mita 1,566, kisha Col du Galibier kwenye mita 2,642. Na mwishoni kabisa, miguu ikiwa imechoka, hupanda kona 21 za Alpe d'Huez. Neno hilo "col" maana yake ni pito la juu kati ya vilele viwili. Safari yote ni kilomita zipatazo 175, na ukijumlisha miinuko yote wapata karibu mita 5,000 za kwenda juu. Ni kana kwamba mtu ameanza ufukoni mwa bahari asubuhi, akakaribia kilele cha Ruwenzori yetu kabla jua halijatua, kwa nguvu za miguu yake tu.

Kwa nini niwaletee habari ya mbali namna hii? Kwa sababu naona inasahihisha kosa moja tulilolizoea. Sisi vijana twapenda kuusifu moyo unaowaka, na kuidharau ratiba. Twasema: ukiwa na nia, mwili utafuata. Ni vikundi vingapi vimeanza kwa vigelegele, vikafa kabla ya mwaka kutimia? Ni wangapi kati yetu huanza masomo, shamba, kwaya au kazi ya mikono kwa moto mkubwa, kisha kufikia mwezi wa tatu hawaonekani tena? Halafu twasema walikosa nia. Maoni yangu ni tofauti. Nia walikuwa nayo. Walichokosa ni ule ufundi wa kuigawanya nia hiyo katika siku nyingi ndogo zisizo na shangwe. Ufundi huo waweza kuonekana wazi sana kwa mtu anayejiandaa kupanda milima.

Mwenye kutaka kuimaliza La Marmotte vizuri huanza miezi mitano au sita mbele. Wala haanzi kwa kujitesa. Kwa majuma mengi huendesha polepole, kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza na mwenzake bila kuhema, kwa maana mwendo huo ndio unaozoesha moyo, mapafu na misuli kufanya kazi muda mrefu. Baada ya hapo huongeza saa kidogo kidogo, huongeza miinuko, na kila baada ya majuma machache hupunguza kazi ili mwili upumzike. Jambo hili la mwisho huwashangaza wageni: mwili haupati nguvu wakati wa kazi. Kazi huuchosha, nguvu huja wakati wa kupumzika, mwili unapojijenga upya ili uwe tayari kwa kazi kama ile. Asiyepumzika hubomoa tu, hata kama anasifiwa kwa bidii.

Tena, wengi wanaoijia La Marmotte hutoka Uholanzi na Ubelgiji. Uholanzi ni nchi tambarare. Karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari. Mtu wa huko afanye nini, naye hana mlima? Huendesha akipingana na upepo mkali, hupanda daraja moja mara nyingi, au wakati wa baridi hukaa nyumbani juu ya baiskeli iliyofungwa kwenye kifaa, akikanyaga pedali saa mbili bila kusogea hata hatua moja. Hakuna anayempigia makofi. Lakini siku ya Galibier itakapofika, atakuwa akipanda kwa nguvu alizoziweka akiba katika chumba kile. Hapa jina la safari lenyewe lina mafundisho. Marmotte ni mnyama mdogo wa Alpi, wa ukoo wa kindi, ambaye hulala shimoni majira yote ya baridi. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini wakati wa joto. Asiyejiwekea hafiki majira mengine.

Sasa tuifuate siku yenyewe. Asubuhi hewa ni safi, miguu ni myepesi, na watu ni wengi. Mwinuko wa kwanza, ule wa Glandon, ndio mtego mkubwa kuliko yote. Mbele yako watu wanakupita. Moyo unasema: mbona naweza kuwafuata? Na ni kweli unaweza. Ndiyo maana ni mtego. Mwenye hekima huwaacha waende. Huchagua gia nyepesi, hukanyaga kwa utaratibu, hupumua vizuri, na kuvumilia aibu ndogo ya kupitwa. Anajua kwamba nguvu atakazozitoa hapo kwa ajili ya fahari ataombwa tena saa nane baadaye huko Alpe d'Huez, naye hatakuwa nazo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika milima hiyo, hesabu ya haraka hulipwa siku ileile.

Kuna hesabu nyingine, ya chakula. Akiba ya wanga iliyomo katika misuli na ini yaweza kuisha baada ya saa mbili hivi za kazi nzito, na safari hii huwachukua wengi saa nane, kumi, hata zaidi. Basi mwendeshaji hula kidogo kidogo tangu saa ya kwanza, kabla njaa haijamjia, na kunywa kabla ya kiu. Anayengoja mpaka asikie njaa amekwisha kuchelewa: ghafla miguu hulegea, kichwa huwa kizito, na mtu mwenye nguvu hushuka baiskeli na kukaa kando ya barabara kama mgonjwa. Nia yake haikupungua hata kidogo. Mafuta ya taa yalikwisha, na utambi hauwezi kuwaka kwa nia.

Na mteremko je? Wengi hudhani hatari iko katika kupanda. Sivyo. Kupanda huchosha, ila kushuka huua. Barabara ya kushuka Glandon ni nyembamba na ina kona kali, na watu waliumia huko wakitafuta kuokoa dakika chache. Kwa hiyo waandalizi waliamua jambo ambalo mimi naliona kuwa zuri kuliko yote katika habari hii: walisimamisha saa. Muda wa mteremko ule ukaacha kuhesabiwa. Aliyeshuka mbio hakupata faida yoyote, na aliyeshuka polepole hakupoteza kitu. Ni kama kumwambia kila mmoja: ndugu, hapa hatukuhesabii, fika salama. Nawaza ni mara ngapi sisi wenyewe, katika kazi zetu na mashindano yetu, tumekuwa na ujasiri wa kuisimamisha saa ili yeyote asiumie. Pikipiki zinazoshindana katika miteremko yetu zingehitaji uamuzi wa namna hiyo.

Baada ya Télégraphe na mji wa Valloire huja Galibier. Huko juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko ufukoni, na kilomita ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Hapo hapana maneno tena. Kila mtu yuko peke yake na maandalizi yake. Aliyejidanganya mwezi wa pili, akaandika katika daftari mazoezi asiyoyafanya, hapa daftari hufunguliwa. Unaweza kumdanganya mwalimu, mzazi, hata padri wako. Mlima hauna namna ya kudanganywa. Haukuchukii wala haukupendi. Unakudai uzito wako ulivyo, pamoja na baiskeli yako, mpaka juu.

Kisha mteremko mrefu wa baridi, vidole vikiganda juu ya breki, mpaka Le Bourg-d'Oisans mahali walipoanzia. Na hapo, baada ya saa nyingi, huanza Alpe d'Huez: kilomita zaidi ya 13, na mwanzo wake ndio mkali. Kila kona ina kibao chenye namba, na namba hizo huhesabiwa kwa kurudi nyuma: 21, 20, 19, mpaka 1. Aliyechoka hasemi tena "nitafika juu," kwa kuwa juu ni mbali mno. Husema "nitafika kona ijayo." Akifika, husema tena. Pia kuna saa ya kufunga njia, na wako wanaozuiwa, na wako wanaoamua wenyewe kuacha kwa sababu mwili umekataa. Siwaiti waoga hao. Kuacha kwa wakati, ili uwe hai na urudi mwaka ujao ukiwa umejiandaa vizuri zaidi, ni sehemu ya kusema ukweli.

Najua kuna kijana anayetikisa kichwa sasa na kusema: "Wazungu hulipa fedha ili wateseke; sisi twateseka bure." Pingamizi hilo lina haki, na sitalizunguka. Baiskeli ya kupandia milima ile hugharimu fedha nyingi. Na mama anayepanda kilima na mzigo wa mihogo mgongoni hakuuchagua mlima wake. Mateso ya kulazimishwa hayapaswi kusifiwa, yanapaswa kupunguzwa. Lakini tazameni tena. Yule anayeendesha chukudu huko Goma, na mzigo wa magunia juu ya mbao na magurudumu mawili, anajua sheria zote nilizozitaja, naye hakuzisoma popote. Anajua kupanga mzigo kabla ya kuondoka. Anajua kutomaliza nguvu katika mwinuko wa kwanza. Anajua kwamba mteremko ni wa kuogopwa kuliko mwinuko. Kwa hiyo hekima hii si ya Ulaya. Iko kwetu, mikononi mwa watu tunaowapita bila kuwasalimu. Mwendeshaji wa Alpi huilipia fedha. Sisi tungeweza kuipata kwa kumwuliza baba mwenye chukudu.

Linabaki swali moja: nguvu hizo zote ni za nini? Hapa nakumbuka Gino Bartali, Mwitalia, mtu wa Aksyo Katolika, aliyeshinda Tour de France mwaka 1938, na mara ya pili mwaka 1948. Kati ya ushindi huo na huo kulikuwa na vita. Katika miaka hiyo aliendelea kusafiri kwa baiskeli masafa marefu, na askari walimwona bingwa anayefanya mazoezi. Ndani ya baiskeli yake alibeba hati za kuwaokoa Wayahudi waliokuwa wakiwindwa. Alikufa mwaka 2000 bila kujitangaza kwa hilo, na mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem huko Yerusalemu ikamtaja miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa. Miguu iliyoandaliwa kwa ajili ya mashindano ilikuwa tayari saa ya kuwasaidia watu ilipofika. Hakuwa na nafasi ya kuanza mazoezi siku ile.

Hilo ndilo ninalowaomba mlifikiri kikundini. Saa itakuja kwa kila mmoja wetu: ugonjwa nyumbani, mtihani, jirani aliyekimbia vita na kubisha mlangoni, uongozi tusioutazamia. Saa hiyo haitatuuliza tuna nia kiasi gani. Itatuuliza tuliweka nini akiba katika siku zile ambazo hakuna aliyetuona. Basi kila mmoja achague jambo moja gumu lenye faida, aligawanye katika majuma, apumzike inavyopasa, awaache wenye haraka wapite, na amwambie mwenzake ukweli kila juma juu ya alichokifanya na asichokifanya. Kona ya 21 kwanza. Ya 20 itakuja baadaye.