Kabla ya kukata riboni, mutuonyeshe fomula ya kaburimbo

Vijana wenzetu wa Goma, kuko barabara moja mtaani kwetu. Iliposhwa kaburimbo wakati wa kiangazi, wakubwa wakakuja, picha zikapigwa. Mvua za kwanza tu, kokoto zikaanza kutoka moja moja sawa meno ya mutoto. Leo wamotari wanapita pembeni, kwenye potopoto, sababu pale kuna afazali. Na tunaambiwa: ni mvua. Mvua gani? Hapa inanyesha kila mwaka, na wenye kujenga walijua.

Kaburimbo haiko rangi nyeusi ya kupaka juu ya vumbi. Iko na kipimo. Ndani ya tani moja, lami ni karibu kilo 50 mpaka 60 tu. Zingine zote ni kokoto, muchanga na unga wa mawe. Lami ikipunguka, mawe hayashikani na maji yanaingia. Ikizidi, jua linailainisha na magari mazito yanachimba mifereji. Ndio maana kuko labo. Kwa kipimo cha Marshall, fundi anafanya vibonge vidogo, anavipiga nyundo mara 50 ao 75 kila upande, anaviweka ndani ya maji ya digri 60, halafu anavibana mpaka vipasuke. Hapo njo anajua lami gani inatosha.

Na fomula ya muji mwingine haikopiwi. Sisi tunaishi juu ya makoro ya Nyiragongo. Jiwe la volkano lililo zito na kavu ni zuri sana kwa barabara, lakini lile jepesi lenye matundu linakunywa lami. Asilimia 5 yenye kutosha kwingine, hapa inaweza kuwa njaa.

Tufanye hesabu kidogo. Kilometa moja, upana wa metre 7, unene wa santimetre 5: ni karibu tani 840 za kaburimbo. Ukiiba lami yenye kufika asilimia 1 tu ya uzito wa kaburimbo yote, tani 8 na zaidi zimepotea, na kwa macho hakuna mutu anaona kitu. Siku ya riboni yote inang'aa.

Hatusemi kila barabara mbovu iliibiwa. Mara ingine kaburimbo ilifika imepoa ndio wakaifinyanga, mara ingine mutaro haukuchimbwa kabisa. Lakini bila karatasi, tutajuaje?

Kwa hiyo tunadai vitu viwili. Fomula na matokeo ya labo vibandikwe kwenye kibao cha shantie, pembeni ya bei. Na mbele ya malipo ya mwisho, barabara itobolewe mbele ya raia, vipande vipimwe unene na lami, kwenye labo ambayo kampuni haikujichagulia. Mwenye kutia sahihi ya kupokea barabara aandike jina lake lote.