Timu kali nayo inapigwa

Wamama wapenzi, juma hili tuzungumze juu ya besiboli. Ndiyo, ule mchezo wa Marekani wa kupiga mpira kwa fimbo! Wengi wetu tuna kijana anayekesha na telefone mkononi, akingoja matokeo ya timu asiyoijua hata rangi ya jezi yake. Si upendo wa mchezo. Ni pari.

Kule kila timu kubwa inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, na mechi zao za jioni kwetu ni usiku wa manane. Kwa hiyo kila usiku kuna kitu cha kubashiri, na feza ya minervali inayeyuka polepole.

Mwaka 2001 Seattle Mariners walishinda mechi 116. Hakuna timu iliyowahi kupita hesabu hiyo. Hata hivyo walipigwa mara 46, kisha New York Yankees wakawatoa kabla ya fainali. Na mashabiki wa Chicago Cubs? Walingoja ubingwa tangu 1908 hadi 2016. Shabiki wa namna hiyo anapoteza usingizi na sauti tu, nasi hatuna neno naye. Mwenye pari anapoteza unga wa nyumba.

Tusianze na makelele. Leo jioni mwambie kijana aandike kwenye karatasi washindi wa mechi kumi, bila kuweka franka hata moja. Asubuhi, mukikunywa chai, muhesabu pamoja.