Je, Mtumiaji wa Linux Anazihitaji Programu za Windows?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kuutunza kwa kawaida mfumo endeshi wa Windows 10. Mfumo ulioufuata, Windows 11, haukubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Shule yenye kompyuta za aina hiyo haina budi kuamua: izitupe, izitumie bila kinga ya kutosha, au iziwekee mfumo mwingine. Mfumo unaotajwa mara nyingi ni Linux, ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na ambao mtu yeyote anaweza kuunakili bila kulipia leseni.

Walimu ninaozungumza nao juu ya jambo hili huniuliza kwanza swali moja: “Programu zetu za Windows tutazifanyaje?” Swali hilo ni la haki. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba nyuma yake liko swali jingine lililo kubwa zaidi.

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini programu ya Windows haiendi yenyewe katika Linux. Prosesa ya kompyuta ni ile ile, na hesabu zake ni zile zile. Tofauti iko katika huduma. Programu haifungui faili wala haichori dirisha kwenye kioo kwa nguvu zake yenyewe. Huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo. Maombi ya Windows yana majina na taratibu ambazo Linux haizijui. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi uitwao Wine, ambao hukaa kati kama mkalimani mahakamani: hupokea ombi lililotungwa kwa ajili ya Windows, hulitekeleza kwa njia za Linux, kisha huirudishia programu jibu inalolitazamia. Kazi hiyo si nyepesi. Toleo la 1.0 lilitolewa mwaka 2008, baada ya miaka 15 ya jitihada. Leo programu nyingi huenda vizuri kwa njia hiyo. Nyingine huenda kwa kuchechemea, na nyingine haziendi kabisa, hasa zile zinazotegemea kifaa maalumu kilichounganishwa na kompyuta.

Iko pia njia ya kuiendesha Windows nzima ndani ya Linux, kama kompyuta ya kubuni iliyomo ndani ya kompyuta halisi. Lakini njia hii hudai kumbukumbu kubwa, ambayo kompyuta kuukuu haina, na leseni ya Windows bado inatakiwa.

Basi njia zipo. Je, tunazihitaji? Mwalimu na aorodheshe kazi zake badala ya programu zake: kuandika mitihani, kujumlisha alama, kuchora grafu, kusoma intaneti. Kazi zote hizo zina programu zake katika Linux, mathalani LibreOffice na GeoGebra. Hata lugha yetu haikuachwa nyuma: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Nikiri kwamba mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng’ambo, nilipima sampuli za udongo kwa chombo kilichouzwa pamoja na programu yake ya Windows. Programu hiyo ilihifadhi vipimo katika faili ambazo hazikusomwa na programu nyingine yoyote. Nilirudi nyumbani na diski yenye kazi ya miaka mitatu, nikahamia Linux. Baadaye mwanafunzi wangu alivihitaji vipimo vile ili avilinganishe na vyake. Kwa msaada wa Wine programu ilifunguka, lakini ikadai kifaa kidogo cha leseni kilichopaswa kuchomekwa kwenye kompyuta, nacho kilibaki katika maabara ya ng’ambo. Tulijaribu kompyuta ya Windows. Dai likawa lile lile. Mtengenezaji alikwisha kuiacha programu hiyo. Mwanafunzi akamaliza tasnifu yake bila ulinganisho ule.

Siku hiyo nilitambua kwamba sikuwa na haja ya programu. Haja yangu ilikuwa vipimo vyangu. Laiti siku ya kupima ningalitumia dakika tano kuvitoa katika maandishi ya kawaida, kompyuta yoyote ingalivisoma. Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba mtumiaji wa Linux asiiguse Wine kamwe. Hukumbusha mfumo wa OS/2 wa kampuni ya IBM, ambao toleo lake la mwaka 1992 liliweza kuendesha programu za Windows. Watungaji wa programu, wasema, hawakuona sababu ya kuutungia programu zake wenyewe, nao ukafifia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimsaidii mhasibu wa shule ambaye programu yake ya hesabu haina mbadala. Huyo na atumie Wine, au aachiwe kompyuta moja ya Windows iliyo salama. Hali kadhalika, endapo mtihani unataja programu fulani, si haki mwanafunzi aikute mara ya kwanza katika chumba cha mtihani.

Rai yangu, kwa hiyo, ni kwamba watumiaji wengi wa Linux mashuleni hawazihitaji programu za Windows, na wachache wanaozihitaji wasilaumiwe. Lakini wote, wawe wa Linux au wa Windows, wanahitaji faili zilizo huru. Muundo wa OpenDocument umekuwa kipimo cha kimataifa tangu mwaka 2006. Majedwali ya vipimo yanaweza kuhifadhiwa kama maandishi ya kawaida. Kabla ya kubadili mfumo wowote, mwalimu na achukue kompyuta moja, afungue humo alama na mitihani ya miaka iliyopita, na aandike ni faili zipi zimekataa kufunguka. Hizo ndizo za kushughulikiwa kwanza, wakati programu iliyozitengeneza ingali inafanya kazi.